Nakala ya Pili: Neno kwa Kila Aliye na Kompyuta Nyumbani



Leo sina hubiri la kuwafanya muruke. Nina kisa cha aibu yangu mwenyewe. Nimekiombea siku kadhaa kabla ya kukiandika, kwa sababu si rahisi pasta kukiri mbele ya watu kwamba alikuwa mzembe. Lakini kama Bwana alinifundisha kwa gharama, sioni haja na wewe ulipe gharama hiyo hiyo. Soma mpaka mwisho. Kama uko kwenye matatu, soma polepole. Ukifika nyumbani kuna kazi.

Wengi wenu mnaijua ile kompyuta iliyokuwa sebuleni kwangu, kwenye meza ndogo kando ya dirisha. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kama vitu vingi vyetu sisi watu wa Gikomba, na ilinitumikia miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na mahubiri yangu yote. Mlikuwa na rejista ya ubatizo, majina ya watoto tuliowaweka wakfu, picha za harusi zenu, na rekodi za shuhuda za ibada za usiku. Na mlikuwa na kitu kizito kuliko hivyo vyote: hesabu ya mfuko wa faraja.

Mnaujua mfuko wetu. Kila Jumapili mtu anachanga alicho nacho. Mama wa mboga, kijana wa mkokoteni, fundi wa jua kali, muuza viatu, kila mmoja. Siku msiba ukibisha mlangoni kwako, mfuko unakusimamia kulingana na ulivyochanga. Majina yaliandikwa kwenye karatasi pale kanisani, mimi nikaipeleka karatasi nyumbani, nikayaingiza kwenye kompyuta Jumapili jioni. Kisha karatasi nikaitupa. Ndiyo, niliitupa. Niliona kompyuta ni salama kuliko karatasi.

Siku moja kijana wetu wa mitambo alikuja kunisaidia kupakia picha. Akaniuliza, "Pasta, hii kompyuta ina bekapu?"

Nikamuuliza bekapu ni nini. Akasema, "Nakala ya akiba, Pasta. Hii ikiharibika leo, hivi vitu viko wapi tena?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Kijana, nyumba hii ina mlinzi asiyelala. Wewe pakia picha." Waliokuwa sebuleni wakasema amina, na kijana akanyamaza kwa heshima, akaendelea na kazi yake.

Wapendwa, nataka mnisikie vizuri hapa. Siku ile sikuwa nimesema neno la imani. Nilitumia jina la Bwana kufunika uvivu wangu. Yule kijana alikuwa ametumwa kwangu na onyo, nami nikamjibu kwa maneno matakatifu ili asinisumbue. Kuna tofauti kati ya kumtegemea Mungu na kumtumia Mungu kama kisingizio, na mimi, mhubiri, niliivuka tofauti hiyo huku watu wakiniitikia amina.

Kisha ukaja ule usiku wa stima. Zilipotea, zikarudi kwa nguvu mpaka taa ikang'aa kuliko kawaida, zikapotea tena, zikarudi. Mnajua mambo ya mitaa yetu. Asubuhi nilibonyeza kompyuta, ikatoa sauti ndogo, tik, tik, tik, ikanyamaza. Nikaomba. Nikaiwekea mikono, msicheke, niliiwekea mikono kweli. Nikabonyeza tena. Tik, tik, tik.

Niliipeleka kwa fundi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wa tatu alikuwa mkweli. Alinionyesha kile kisanduku cha chuma kilicho ndani, kinachoitwa diski, akanieleza kwamba ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi sana, na juu yake mkono mwembamba unaosoma bila kuzigusa. Mkono huo ukiharibika, maandishi yanaweza kuwa bado yako pale, lakini hakuna wa kuyasoma. Kuifungua kunataka chumba kisicho na vumbi na mtaalamu mwenye vifaa vyake, na bei aliyonitajia ilikuwa juu ya uwezo wangu, bila ahadi kwamba kitapatikana kitu.

Nilikuwa bado nahangaika na mafundi wakati msiba ulipotufikia. Mzee wetu mmoja, fundi wa jua kali, mtu aliyegonga mabati na masufuria miaka yote ya utu uzima wake, alilala na Bwana. Mwanawe alikuja nyumbani kwangu na mambo mawili.

La kwanza, aliuliza, "Pasta, baba alikuwa amechanga ngapi?"

Sikujua. Nilisema tunaangalia.

La pili lilinichoma zaidi. Yule mzee alikuwa ametoa ushuhuda katika ibada ya usiku, jinsi Mungu alivyomtoa kwenye pombe na kumrudishia nyumba yake. Tulimrekodi kwa simu yangu. Nikahamisha rekodi kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Mwanawe alitaka sauti hiyo ichezwe siku ya mazishi huko mashambani, wajukuu wamsikie babu yao akisema kwa kinywa chake mwenyewe kile Mungu alichomtendea.

Nilimwambia iko kwenye kompyuta, na kompyuta iko kwa fundi. Siku mbili baadaye ilibidi nimpigie simu na kumwambia ukweli. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Sawa, Pasta." Ningependa angenikemea.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa. Niliwaambia pesa za mfuko zipo zote, ziko kwenye akaunti, lakini sijui za nani ni ngapi. Mliokuwepo mnakumbuka ule ukimya. Baadaye ukaja mnong'ono. Sikuwalaumu. Mtu aliyechanga shilingi hamsini hamsini kutoka kwenye jasho lake ana haki ya kunong'ona. Siku ile nilielewa kwamba kilichokuwa kikivunjika pale mbele hakikuwa kompyuta. Uaminifu kati ya mchungaji na kondoo ulikuwa unapata ufa.

Ndipo mama mmoja akasimama. Ni mama wa mitumba, anauza nguo za watoto. Mnamjua, na hapendi kutajwa, kwa hiyo simtaji. Alisema, "Pasta, mimi niko na kitabu."

Kila Jumapili baada ya ibada, kabla karatasi haijanifikia mimi, mama huyu alikuwa akinakili majina na michango kwenye daftari lake. Hakuna aliyemtuma. Na kila mwisho wa mwezi alikuwa akinakili tena kwenye daftari la pili, analipeleka kwa dada yake Kayole, linakaa huko.

Nilimuuliza kwa nini. Jibu lake ndilo hubiri la leo.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 28 Juni 2018. Moto uliwaka Gikomba kabla ya mapambazuko, watu 15 wakapoteza maisha, wengi wakajeruhiwa, na mali ya watu ikawa majivu. Huo haukuwa moto wa kwanza sokoni kwetu wala haukuwa wa mwisho. Mama huyu aliamka akakuta kibanda chake hakipo. Marobota yalikuwa yameungua, lakini aliniambia si marobota yaliyomliza. Kilichomliza ni kitabu cha madeni, kilichokuwa kibandani, kimoja tu. Wateja waliokuwa wamechukua nguo kwa mkopo walikuwa ndani ya kitabu kile. "Waliokuwa na hofu ya Mungu walikuja kulipa wenyewe," alisema. "Wengine wananipita hadi leo."

Tangu siku hiyo haandiki jambo la maana mara moja. Anaandika mara mbili, na hizo mbili hazilali nyumba moja.

Daftari lake lilituokoa. Kulikuwa na Jumapili chache ambazo alikuwa amesafiri, na kwa hizo tulifanya hivi: waliochanga kwa M-Pesa walionyesha ujumbe wa simu, na waliochanga kwa mkono tuliamini neno lao. Familia ya mzee ilipata haki yake kabla ya mazishi. Mama ambaye hajawahi kumiliki kompyuta alikuwa na nakala ya akiba, na pasta mwenye kompyuta hakuwa nayo.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, na Bwana akanipeleka Yeremia sura ya 32. Isome mwenyewe, mstari wa 6 hadi wa 15. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hakuna mtu mwenye akili angenunua shamba wakati kama huo. Lakini Hanameli, mwana wa baba yake mdogo, anakuja kumuuzia shamba la Anathothi, na Yeremia analinunua kwa shekeli 17 za fedha. Sasa angalia alivyofanya. Hati ziko mbili, moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi. Kuna mashahidi. Anamkabidhi Baruku hati zote mbili, na agizo kutoka kwa Bwana ni kwamba ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, nikisisitiza shamba. Sikuwahi kuona chungu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Mungu yule yule aliyeahidi kuirudisha nchi alijali hati ikae ndani ya chombo kisichooza. Kama imani ingekuwa kukaa bila kufanya chochote, Yeremia angesema Bwana anajua shamba ni langu, karatasi ya nini? Lakini kwake, kuhifadhi hati ndiko kulikuwa kuamini. Aliweka nakala kwa sababu aliamini kesho ipo, na siku moja mtu atakuja kuifungua hati na kuisoma.

Na chungu si hadithi ya kitoto. Katika miaka ya 1940, wachungaji wa mifugo waligundua mitungi ndani ya mapango karibu na Bahari ya Chumvi. Ndani yake walikuta maandiko ya kale, kikiwemo kitabu cha Isaya, ambayo yalikuwa yamekaa humo karibu miaka 2000. Jumba nyingi za fahari za zama zile ni vifusi. Ngozi iliyowekwa kwenye mtungi, mahali pakavu, mbali na mji, bado inasomeka.

Najua kuna mtu ataniambia, "Pasta, lakini Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu alikata gombo kwa kisu akalitupa motoni, na Mungu akarudisha maneno yote." Amina, ndugu yangu. Lakini soma vizuri. Yeremia hakukaa kusubiri gombo lishuke kutoka mbinguni. Alitamka upya, na Baruku akaketi akaandika upya, neno kwa neno. Mungu alikumbuka kwa sababu lile lilikuwa Neno lake. Orodha ya michango ya mfuko wa faraja ilikuwa kazi yangu, nami sikuikumbuka. Sauti ya yule mzee hakuna anayeweza kuitamka upya.

Basi sasa niwafundishe jinsi tunavyofanya tangu wakati ule. Yule kijana wa mitambo nilimwita, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka, nikamwambia anifundishe kama mwanafunzi. Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nayaweka kwa lugha yetu.

KWANZA, jua ulicho nacho. Kaa na karatasi uandike: ni vitu gani kwenye kompyuta hii ambavyo vikipotea siwezi kuvinunua tena? Filamu unaweza kuipata tena. Programu unaweza kuiweka tena. Lakini picha ya marehemu mama yako, vyeti vya shule ulivyopiga picha, hesabu za chama, barua ya ardhi, kazi ya masomo ya binti yako, hizo hazina duka. Anza na hizo.

PILI, mambo matatu ya kukumbuka. Kuna kanuni ambayo watu wa kompyuta duniani wanaitumia: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Ile iliyo kwenye kompyuta ni ya kwanza. Ya pili iko kwenye diski ya nje. Ya tatu iko mbali, kwa ndugu yako wa mtaa mwingine, au kwenye intaneti. Google Drive, kwa mfano, inakupa gigabaiti 15 bila malipo, na hiyo inatosha hati zako zote na picha kadhaa muhimu. Kwa nini mbali? Muulize mama wa mitumba. Moto ukija, hauchagui meza. Mliokaa kando ya Mto Nairobi wakati wa mafuriko ya mwaka wa 2024 mnajua maji hayaulizi ni kitabu gani kina nakala. Vitabu viwili ndani ya nyumba moja, siku ya moto, ni kitabu kimoja.

TATU, ukimaliza kunakili, CHOMOA. Hili nililikosea hata baada ya kununua diski ya nje. Niliiacha imechomekwa mchana na usiku, mpaka kijana akaniambia, "Pasta, stima zikija na nguvu kama siku ile zinaua zote mbili." Na si stima peke yake. Mnamo Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza. Ilifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili yafunguliwe. Programu za namna hiyo zinaweza kuingia pia kwenye diski yoyote iliyochomekwa wakati huo. Diski iliyo ndani ya kabati, imechomolewa, haiguswi.

NNE, weka siku. Mimi yangu ni Jumatatu, siku ya mapumziko ya wachungaji. Ibada imeisha, michango imeingizwa, nachomeka diski, nanakili, nachomoa, naendelea na chai. Nina diski mbili za nje. Moja iko kwangu, nyingine iko kwa mzee wa kanisa huko Umoja, na kila mwezi tunabadilishana. Kama una Windows, kuna programu ndani yake iitwayo File History, na kwenye kompyuta za Apple kuna Time Machine. Hizo zinanakili zenyewe ukichomeka diski. Lakini usiseme utafanya ukipata nafasi. Nafasi haipatikani. Hata maombi, usipoyawekea saa, shetani anakupangia mambo mengine.

TANO, ifungue uone. Hili ndilo wengi wanalisahau. Mwaka wa 1998 huko Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu akaingiza amri ya kufuta kimakosa, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Walikuwa na nakala za akiba, kampuni kubwa kama ile. Walipozifungua, wakakuta hazikuwa zimefanya kazi ipasavyo kwa muda, na hakuna aliyekuwa amechungulia. Unajua kilichowaokoa? Kompyuta ya nyumbani. Mama mmoja mfanyakazi wao, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala ya filamu huko. Waliifunga kwa mablanketi, wakaibeba kwenye gari polepole kama mtoto mchanga. Kwa hiyo kila mwezi chagua faili moja kwenye nakala yako, ifungue, isome. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tumaini tu.

Na hapo niwaonye kuhusu flashi za bei ya kushangaza zinazouzwa mjini. Zimeandikwa ukubwa ambao hazina. Unaweka picha, unaona majina yake yote, lakini ukifungua hakuna kitu. Ni kama robota lenye nguo nzuri juu na matambara chini. Jaribu kabla ya kuamini.

Tena, usidanganyike kwamba kwa kuwa simu na kompyuta zinaonyesha picha zile zile kupitia intaneti, basi una nakala mbili. Mara nyingi ukifuta upande mmoja, upande wa pili unafuata. Hicho ni kioo, na kioo hakikumbuki uso uliopita jana.

SITA, linda siri. Kwenye kompyuta ya mchungaji kuna mambo ya watu: nambari za vitambulisho, magonjwa, ndoa zinazotafutiwa suluhu. Hata kwenye kompyuta ya mwenye chama zimo. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, lakini hata kabla ya serikali kuandika sheria, Mungu alishachukia usengenyaji. Ukifanya nakala, ifunge kwa neno la siri, na neno hilo walijue watu wawili mnaoaminiana. Wawili, kwa sababu mmoja wetu anaweza kuitwa nyumbani kwa Baba usiku huu, na msiba usiwe mara mbili.

Na karatasi msiitupe! Siku hizi orodha ya mfuko inachapishwa kila mwisho wa mwezi, inabandikwa kanisani, kila mtu anaona jina lake. Mama wa mitumba bado ananakili kwenye daftari. Nilimwambia apumzike sasa kwa kuwa tuna diski mbili. Akaniambia, "Pasta, nitaendelea tu." Nami sikumkataza.

Sasa, mpendwa, nirudi kwa moyo wa jambo. Huenda unasema, mimi sina mfuko wa faraja, nina picha zangu tu. Lakini jiulize kama ni zako kweli. Picha ya bibi yako ni ya watoto wako ambao hawajazaliwa. Hesabu za chama ni za kina mama waliokuchagua wakijua una kompyuta. Cheti cha ndugu yako ulichomtunzia ni kazi atakayoiomba mwaka ujao. Mengi tunayoyashika tumekabidhiwa, na aliyekabidhiwa ataulizwa. Mtumwa yule wa talanta hakuulizwa kama alikuwa na imani. Aliulizwa alichofanya na kile alichopewa.

Niliwaambia nitasema ukweli, kwa hiyo nimalizie na ile sehemu isiyo na ushindi. Hesabu ilirudi. Rejista ya ubatizo tuliijenga upya kutoka kwa vyeti mlivyokuwa navyo nyumbani. Mahubiri yalipotea, na pengine mengine yalistahili kupotea. Lakini sauti ya yule mzee haikurudi. Siku ya mazishi nilisimama kando ya kaburi nikajaribu kuusimulia ushuhuda wake kwa kinywa changu. Nilikosea mahali, mjane wake akanirekebisha kwa upole, mbele ya watu. Wajukuu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wananitazama mimi, na walikuwa wamekuja kumsikia yeye.

Mwanawe alinisamehe. Tunaabudu pamoja kila Jumapili. Lakini msamaha haurudishi sauti, wapendwa, na ile diski bado ninayo kwenye droo. Siku moja nikipata uwezo nitaipeleka kwa wenye vifaa. Mpaka siku hiyo, nikifungua droo naiona, na inanihubiria.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Usisubiri kununua diski. Chukua vile vitu vitano ambavyo huwezi kuvinunua tena, uviweke mahali pa pili, hata kama ni kujitumia kwa barua pepe. Kisha kesho upange siku yako ya kila wiki. Kama hujui jinsi ya kufanya, njoo kanisani Jumamosi saa nane mchana ukiwa na kompyuta yako au simu yako. Vijana wa mitambo watakuwepo, hakuna malipo, na hakuna atakayekucheka. Aliyestahili kuchekwa ni mimi, na nimeshachekwa.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa ulichotukabidhi, kikubwa na kidogo. Tusamehe pale tulipoliita zembe letu imani. Tupe masikio ya kusikia onyo hata likija kwa kinywa cha kijana. Tupe bidii ya yule mama anayeandika mara mbili. Linda soko letu na moto, linda nyumba zetu na maji, na siku hatari ikija, itukute tukiwa tumefanya sehemu yetu. Wafariji waliopoteza wasichoweza kukipata tena. Katika jina la Yesu Kristo.

Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA hapo chini, mtumie na mtunza hesabu wa chama chenu. Kisha weka simu chini, uende ukafanye nakala.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.